Tajiri anataka tupunguze vitambi, nikisimama dakika 20 nile simu inaita

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe lugha.

Juzi kwenye grupu la madereva wa kampuni yetu imeingia sauti ya tajiri, dakika nne nzima. Kaona majibu ya vipimo vyetu: presha imejaa, wengine sukari. Eti tunapenda nyama na soda, tupunguze vitambi, tufanye mazoezi, dereva mgonjwa ni hasara kwa kampuni. Mimi ni mmojawapo. Presha 160 kwa 100, umri miaka 41.

Sasa ngoja nieleze hiyo nyama inatoka wapi.

Napiga lori Dar–Lubumbashi, Kongo, mwaka wa tisa huu. Gari lina GPS inayoonyesha lilipo, na ofisini yuko dogo kazi yake kuangalia nukta zetu kwenye kioo cha kompyuta. Nukta ikiganda dakika 20, simu. "Dereva, mbona umesimama Ilula?" Ilula, wakuu! Nyanya zimepangwa kwenye ndoo kando ya lami, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni nimeviacha kabla ya kupanda Kitonga, na huko mbele Uyole kuna parachichi la kutosha. Mboga za nchi nzima naziangalia kwa dirishani. Nikamjibu "tairi". Siku hizi kila kitu tairi, maana tairi linaeleweka, njaa haieleweki.

Kwa hiyo naegesha saa nne usiku. Mama ntilie kashafunga, kabaki mtu wa chipsi na mafuta meusi kama oili ya gia boksi. Chips mayai, mishkaki, nalala. Alfajiri supu ya utumbo na chapati tatu, kwa sababu sijui nitakula tena saa ngapi. Maji nayabana makusudi, maana kunywa ni kukojoa na kukojoa ni kusimama. Wenye chupa chini ya kiti mnajijua. Nesi aliponiuliza nakunywa lita ngapi kwa siku nilicheka mpaka akadhani namdharau.

Mazoezi? Yangu ni kufunga turubai na kugonga matairi. Nikishuka Tunduma miguu imevimba, viatu haviingii, natembea na kandambili. Na kabla hujaniambia "kimbia asubuhi": utingo waliondolewa kupunguza gharama, nikikimbia mimi dizeli analinda nani?

Kichekesho ni kwamba sehemu pekee ninayokula kama binadamu ni foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, ile ile tunayoilaani kila siku. Pale gari halisogei, GPS haina la kusema. Tunatoa mtungi mdogo wa gesi kwenye boksi la spana, tunanunua majani ya maboga kwa akina mama wa Kizambia, wao wanaita chibwabwa, tunayapika na karanga za kutwanga, dagaa pembeni, ugali wa kiasi. Jioni tunatembea mpaka mwisho wa foleni na kurudi, kwa zamu, mmoja analinda. Safari moja nilikwama siku tano, nikarudi Dar mkanda umeingia tundu la ndani. Mke wangu akauliza kama nilikuwa naumwa.

Halafu uzito. Gari linapimwa Vigwaza, linapimwa Wenda, Makambako, Mpemba. Ekseli ikizidi kidogo tu tajiri anaamshwa usiku wa manane, kikomo cha tani 56 anakijua kuliko tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Mimi tangu niajiriwe nimepanda mizani mara moja, hiyo juzi: kilo 104. Nilianza na 71. Hizo 33 zimepakiwa taratibu hakuna aliyepiga simu.

Sijaomba jimu. Naomba saa moja mchana, dogo wa GPS aandike "chakula" badala ya kunipigia, na posho ya chakula iliyogoma palepale tangu nianze iguswe. Nimeiandika hiyo kwenye grupu. Imejibiwa na kidole gumba kimoja, cha fundi wa matairi.

Mlio kampuni nyingine, kwenu mnasimama kula bila kusema uongo? Kama ipo, nifuateni inboksi, leseni yangu iko hai. Niko Nakonde, mtandao unakatakata, nitajibu kesho.