Saa 1 na dakika 45 Chicago: zinatosha kubadilisha ndege?

Mzizima82
Wakuu, habari. Namkatia bi mkubwa tiketi ya Dar–Doha–Chicago–Minneapolis. Doha anapata saa 1 na dakika 20, Chicago saa 1 na dakika 45. Ni tiketi moja, Qatar Airways hadi Chicago, kisha American Airlines. Ana miaka 68, masafa marefu kwa miguu hayawezi, na Kiingereza ni cha kuombea maji. Wakala anasema mfumo umekubali, kwa hiyo nisihofu. Ni kweli?

Rubega
Mkuu, mfumo ukikubali maana yake ni kwamba muda huo haujashuka chini ya kiwango cha uwanja ule. Foleni ya siku hiyo haimo kwenye hesabu.

Doha haina neno. Jengo ni moja, mizigo inahamishwa na shirika, yeye anapita ukaguzi wa usalama na kwenda getini. Ila geti hufungwa kama dakika 20 kabla ya kuruka, kwa hiyo saa 1 na dakika 20 ihesabu kuwa saa 1.

Kazi iko Chicago. Marekani abiria anaingia rasmi nchini pale anapotua mara ya kwanza, hata kama safari inaendelea. Atashuka Terminal 5 na kupanga foleni ya uhamiaji. Akiruhusiwa kuingia anasubiri begi kwenye mkanda na kulichukua mwenyewe, HATA KAMA stika yake inasomeka MSP, yaani Minneapolis. Anapita nalo forodha, analikabidhi upya kwenye kaunta ya mizigo ya wanaounganisha, anapanda treni ya uwanja hadi Terminal 3 waliko American, halafu anakaguliwa tena mwili na mkoba. Ndege kubwa tatu zikitua pamoja, uhamiaji peke yake unakula saa nzima. Kwa mtu wa umri huo mimi singekubali chini ya saa 3.

Wengi hupotelea kwenye begi: wanaona stika ya Minneapolis, wanapitiliza, begi linabaki linazunguka Terminal 5.

BintiPangani
Naongezea. Omba kiti cha magurudumu sasa hivi, usingoje siku ya safari. Mwambie wakala aweke WCHR (alama ya kiti cha magurudumu kwenye buking) kwenye vipande VYOTE vitatu vya safari, maana mara nyingi wanaweka cha kwanza tu. Huduma ni bure, na msukumaji ndiye atakayemwongoza uhamiaji, kwenye begi na kwenye treni. Ubaya wake, viti vikiwa vichache atasubiri mlangoni mwa ndege, kwa hiyo hakiokoi muda kila mara.

Begi lisiwe na maembe wala nyama kavu, najua kina mama. Chakula chochote lazima kitajwe forodhani, na kikitajwa anaweza kupelekwa ukaguzi wa pili, hapo dakika zinayeyuka. Kisipotajwa, faini yaweza kufika dola 10,000. Manukato ya Doha yanayozidi mililita 100 ayatie kwenye begi kubwa akilipokea Chicago, kabla hajalikabidhi tena.

Mzizima82
Shukrani. Na akiachwa? Nimeona pia tiketi mbili tofauti, bei inashuka.

Kaskazi_Mvita
Ndugu, hizo mbili ziache. Kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika linawajibika kumweka kwenye ndege nyingine bila malipo. Kwenye tiketi mbili, shirika la pili linamhesabu kama abiria ambaye hakutokea, na pesa imekwenda.

Akiachwa, asinunue tiketi mpya kwa hofu. Aende dawati la American, nawe huku upige simu ukiwa na namba yake ya buking, ile ya herufi sita. Aliye kwenye simu mara nyingi huhudumiwa kabla ya aliye kwenye foleni. Begi lisipofika, ripoti iandikwe kabla hajatoka uwanjani.

Rubega
Kwa Minneapolis kuna njia safi zaidi: KLM Dar hadi Amsterdam, kisha Delta moja kwa moja hadi Minneapolis. Uhamiaji na begi anavimalizia kwenye uwanja wa mwisho, hakuna ndege ya kukimbilia. Na kwa kuwa KLM ni shirika la Ulaya, kuchelewa kufika kwa saa 3 au zaidi kwa kosa la shirika kunaweza kulipwa hadi euro 600. Pale Amsterdam acha saa 2 na ushei, kwa sababu safari za Marekani zina maswali ya usalama kabla ya kupanda.

Goma_Himbi
Wenye pasipoti ya Congo ya Kinshasa wajue: Amsterdam, hata bila kutoka uwanjani, tunadaiwa viza ya kupitia. Mwenye viza hai ya Marekani anasamehewa.

Mzizima82
Nimemwambia wakala atafute ya Amsterdam, WCHR vipande vyote.