Naomba ushauri: joto linavuruga vipimo vya sensa za faiba kwenye boriti ya zege

Habari za leo wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na sensa za faiba, hasa aina ya Bragg (uzi mwembamba wa kioo unaorudisha mwanga wa urefu fulani wa wimbi, na urefu huo hubadilika uzi ukivutika au ukipata joto).

Tumebandika sensa hizi kwa gundi ya epoksi upande wa chini wa boriti ya zege, kwenye daraja dogo la waenda kwa miguu. Zinafanya kazi kwenye mwanga wa karibu nanomita 1550. Tunataka kujua boriti inavutika kiasi gani watu wakipita, na kugundua ufa mapema. Tulizichagua kwa sababu hazipati kutu wala hazisumbuliwi na nyaya za umeme zilizo jirani.

Shida ni joto. Sensa isiyobandikwa husogeza urefu wa wimbi kama pikomita 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, wakati mikrostreini moja (mvutiko wa sehemu moja kwa milioni) husogeza kama pikomita 1.2 tu. Ikibandikwa inazidi, maana zege lenyewe linatanuka. Jua likichoma, grafu inapanda kuliko mzigo wowote wa watu.

Nimeweka sensa ya pili, ya kupima joto tu, ndani ya kijibomba cha chuma, isiyoshikana na boriti, kisha natoa mabadiliko yake kwenye vipimo vya ile iliyobandikwa. Usiku inasaidia, mchana tofauti inabaki. Nahisi kijibomba kinapata joto haraka kuliko zege.

Je, sensa ya joto niizike ndani ya zege, au niibandike kwenye kipande cha zege lilelile kisichobeba mzigo? Na nikichuja mabadiliko ya polepole ili nibaki na mzigo wa watu, sitapoteza dalili za ufa?

Natanguliza shukrani.