Never Can Say Goodbye: Jackson 5 au Gloria Gaynor?

BesiNzito: Wakuu, naomba tulinganishe. Jackson 5 waliutoa wimbo huu 1971, ukafika nafasi ya 2 Marekani. Gloria Gaynor akaurudia kwa mtindo wa disko 1974, ukaishia nafasi ya 9. Kwa chati, Jackson 5 wameshinda. Kwa masikio yangu, Gaynor kawaacha mbali sana. Wimbo ni wa mtu anayetaka kuondoka kwenye mapenzi lakini miguu inagoma. Michael Jackson, mwimbaji wao, alikuwa na miaka 12 ulipotoka. Sauti ni ya ajabu, ila maumivu yale hajayapitia. Gaynor anaimba kikubwa, na mdundo wake usiokoma ndio maana ya wimbo wenyewe: kuaga kumemshinda, na ngoma nayo haitulii.

MamaSanturi: Na Tom Moulton, fundi aliyeichanganya miziki ile, umtaje! Upande wa kwanza wa albamu ya Gaynor aliunganisha nyimbo tatu bila kukatika, kama dakika 19: "Honey Bee", huu, kisha "Reach Out, I'll Be There". Wimbo wa dakika tatu huisha watu ndio kwanza wanachangamka. Tafuta toleo refu, achana na la redioni.

GitaaKavu: Mimi napinga. Disko hujaza kila pengo. Sikiliza "Knock on Wood" ya Eddie Floyd, lebo ya Stax, Memphis, 1966: tarumbeta, ngoma, gitaa la Steve Cropper, na kila ala ina nafasi ya kupumua. Amii Stewart aliurudia kwa disko akaupeleka namba 1 Marekani 1979, lakini mle ndani ni mngurumo mtupu.

MamaSanturi: Ndugu yangu, maneno yenyewe yanataja radi na ngurumo. Stewart kaziimba kama zilivyo.

Mtwana77: Nyote mmempita Donna Summer. "MacArthur Park" ya Jimmy Webb iliimbwa 1968 na mwigizaji Richard Harris, zaidi ya dakika saba, ikafika nafasi ya 2. Yale maneno yake ya keki iliyoachwa mvuani yaliwashangaza wengi. Summer, akiwa na maprodyuza wake Giorgio Moroder na Pete Bellotte, anaanza taratibu kabisa, unadhani atamfuata Harris, halafu mdundo unalipuka na ile keki unailia kwa dhati. 1978 ukawa wimbo wake wa kwanza kushika namba 1 Marekani.

GitaaKavu: Huo nakupa. Ila msinitajie Thelma Houston na toleo lake la "Don't Leave Me This Way". Harold Melvin & the Blue Notes waliutoa 1975 kutoka Philadelphia, na mdundo wa disko ulipikwa hukohuko, kwa mikono ya mpiga ngoma Earl Young. Houston alikuta chakula kimeiva.

Mtwana77: Lakini Teddy Pendergrass, mwimbaji wa Blue Notes, anaimba kwa kudai; Houston anaanza kwa kunong'ona. Ndiyo maana wa Houston ukashika namba 1 Marekani mwaka 1977.

BesiNzito: Basi turudi kwa Gaynor. Isaac Hayes naye aliurudia "Never Can Say Goodbye" 1971, polepole. Ni mtu mzima kama Gaynor, kwa hiyo hapo umri si hoja tena. Weka matoleo yote matatu mfululizo: Hayes ameshakubali kwamba haondoki, amekaa chini. Gaynor bado anapigana na mlango, na kinachompa nguvu hiyo ni ngoma.

MamaSanturi: Nimeyaweka. Gaynor.