Refa asojua kuhesabu mpaka nne kaletwa na nani?

Jamani mie tangu jana sijalala, niacheni niseme. Mechi ya besiboli ya vijana hapa hapa Unguja, tuko nyuma 5-4, zamu yetu ya mwisho, beisi zote tatu zina watu na auti, yaani mchezaji wetu alotolewa, ni moja tu. Hapo mpigaji akipata boli nne, yaani mipira ilorushwa nje ya eneo lake na yeye asiipige, anakwenda zake beisi ya kwanza bure, alo beisi ya tatu anaingia nyumbani, 5-5. Kijana wetu katulia, hahangaiki na mipira ya ovyo. Mie siku zote nahesabu kwa komwe, mfuko wa kulia boli, wa kushoto straiki, yaani mpira mzuri alouacha au aloupiga akaukosa, zikifika tatu ni auti. Boli, straiki, boli, boli, halafu ule wa tano ukapiga vumbi kabla haujafika kwa kecha, yule mdakaji wa nyuma ya mpigaji, kiwanja kizima kimeona. Komwe nne mfuko wa kulia! Kijana kaweka chini gongo lake la kupigia anatembea zake, refa anamwita, "rudi wee, boli tatu hizo."

TATU???

Mtoto karudi keshachanganyikiwa, mpira uliofuata kaukosa, na ule mwengine kaukosa, auti. Kocha akenda pale pale, mpigaji wa pili hajarushiwa hata mpira mmoja, kwa adabu kabisa, shekhe hebu tizama kitabu cha skoa. Msichana anaeandika kaweka vidoti vinne vya boli, huhitaji hata miwani. Jawabu ati uamuzi wa refa ni wa mwisho.

Yakhe uamuzi wa mwisho ni mpira umepita ndani au nje, hapo hata ukikosea sie tunameza. Hesabu si uamuzi, hesabu ni hesabu! Na kanuni inaruhusu kuirekebisha madhali mpigaji anaefuata hajarushiwa. Refa mwenzake wa kwenye beisi kocha kamwita aulizwe, huyo kainama anafunga kamba za viatu, na kamba zilikuwa zimefungwa walahi nliziona.

Msinambie makosa yapo kila pahala, najua yapo. Julai 2011 huko Marekani timu mbili za ligi kuu ya besiboli, San Diego Padres na Seattle Mariners, wanacheza, ubao ukaonesha boli moja zaidi, Cameron Maybin wa Padres akapewa beisi ya kwanza kwa boli tatu tu, badae akaingia nyumbani na ikawa ndo rani, yaani pointi, pekee ya mechi, 1-0. Lakini Mariners walilala, hawakudai kwa wakati. Sie tumedai! Tumedai na kitabu mkononi na komwe mfukoni, mnataka tudai na nini tena?

Wala mechi nzima hakunyanyua vidole kuonesha hesabu, kushoto boli kulia straiki, kitu cha siku ya kwanza hicho. Kile kidude cha kuhesabia chenye vigurudumu alikuwa nacho mkononi, hakizungushi, kila nikimtizama kakibana kwapani anafungua chupa ya maji.

Na kidude chenyewe ni chetu! Chake kasahau nyumbani, tukamuazima sie, alituachia mwalimu wa Kijapani alokuwa akifundisha watoto. Mechi ilivokwisha refa kapanda vespa yake kaondoka nacho. Nimempigia mara tatu hapokei. Au kwa hesabu yake ni mara mbili.