Sauti ya rekoda inaachana na video kadiri muda unavyokwenda, nirekebisheje?

Swali
Wakuu, nina mhadhara wa dakika 90. Kamera ni fremu 25 kwa sekunde, sauti imenaswa kwa rekoda yenye maiki ya kifuani, 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde). Mwanzoni nimelinganisha kwa kofi la viganja, midomo na sauti viko pamoja. Dakika ya 60 sauti imechelewa fremu 4, mwishoni 6. Nikiuweka mwisho sawa, mwanzo unaharibika.

Jibu la 1
Mkuu, pengo lako linakua kwa mwendo uleule, kwa hiyo ni saa za vifaa. Kila kimoja kina fuwele yake ya kuhesabu muda na hazikubaliani kamwe. Fremu 6 ni milisekunde 240 ndani ya sekunde 5,400, kama sehemu 44 kwa milioni. Ingekuwa sauti ya 44.1 kHz inasomwa kama 48, zingepishana na picha karibu sekunde 5 dakika ya kwanza tu, na sauti ingekuwa nyembamba.

Usihangaike kuibana sauti kwa asilimia ya kasi: unahitaji asilimia 100.0044, na programu nyingi zinaishia desimali mbili. Funga (lock) njia ya picha, la sivyo nayo itakatwa. Kisha tafuta mahali msemaji ananyamaza kidogo karibu na dakika ya 7 na nusu, toa fremu 1 ya ukimya, sauti yote ya mbele irudi nyuma. Rudia kila dakika 15. Mikato 6, na kosa halizidi nusu fremu popote.

Jibu la 2
Naunga mkono, ila kabla ya kukata hakikisha kamera haikuvunja rekodi kuwa mafaili kadhaa. Baadhi hupoteza fremu kwenye maungio, na hapo pengo huruka ghafla badala ya kukua taratibu. Kila faili lilinganishwe peke yake.

Kama ni simu, kesi nyingine: idadi ya fremu hupanda na kushuka, pengo linakuja na kuondoka. Pitisha kwanza kwenye HandBrake (programu ya kubadili video) kwa chaguo la Constant Framerate, yaani idadi ya fremu isiyobadilika, ndipo uanze kuhariri.

Jibu la 3
Umbali nao msiusahau. Kamera ikiwa mita 14 kutoka jukwaani, sauti inaifikia ikiwa imechelewa fremu 1. Programu ikilinganisha kwa mawimbi, inaichelewesha na ya rekoda vilevile. Tazama fremu ambayo viganja vinagusana, uisogeze sauti hapo kwa mkono. Na mara nyingine pigeni kofi la pili kabla ya kuzima. Bila hilo, pengo la mwisho unalipima kwa kubahatisha midomo.