Romeo na Juliet: nani abebe kifo kile, na tukionyeshe vipi jukwaani?

TrupeHimbi (Goma)
Jambo wandugu. Tunaandaa Romeo na Juliet ya Shakespeare kwa Kiswahili, dakika 90, waigizaji 11: vijana wawili wa Verona, wa nyumba mbili zenye ugomvi, wanaoana kwa siri na mwishoni wanakufa wote wawili. Kwenye kila repetisio wanaotazama wanasema mwenye kosa ni Padri Laurence tu, kwa kuwa yeye ndiye aliyempa Juliet dawa ya usingizi ili aonekane amekufa. Mimi naona mikono ni mingi. Tufanye nini ionekane yote bila kuweka msimulizi wa kuhubiri? Tena muda unatubana: tunafikiri kumwondoa muuza dawa anayemwuzia Romeo sumu, na Padri John anayetumwa na barua ya Laurence ya kumweleza Romeo mpango huo.

Mama Neema (Bukavu)
Ndugu, hao wawili usiwaguse. Muuza dawa wa Mantua, mji alikokimbilia Romeo baada ya kufukuzwa Verona, anajua kwamba sheria ya mji inamwua anayeuza sumu. Anaiuza kwa dukati 40, sarafu za dhahabu, kwa kuwa ana njaa, na anatamka wazi kwamba ni umaskini wake unaokubali, siyo nia yake. Hapo Romeo naye anaingia hesabuni, kijana wa nyumba tajiri anayenunua woga wa maskini. Ni dakika mbili tu. Mwigizaji asiipokee dhahabu haraka, Romeo aishike mkononi mpaka kimya kiwe kizito.

Padri John alimfuata mwenzake aliyekuwa anatembelea wagonjwa ili wasafiri pamoja. Wakaguzi wa afya wakawafungia ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni, barua ikabaki Verona. Hata wa kuirudisha kwa Laurence hakupatikana, watu waliogopa kuambukizwa. Goma iliyoona Ebola ikiingia mjini 2019 haihitaji kufafanuliwa hapo. Wakaguzi walifanya kazi yao. Ukikata onyesho hili, mtazamaji hatakuwa na njia ya kutenganisha bahati mbaya na kosa, na lawama yote itamwangukia Laurence, jinsi mnavyoona sasa.

Mukubwa Katindo (Goma)
Mama amesema vema. Ila Laurence naye ana kosa, na siyo dawa. Dawa ilifanya kazi sawasawa, masaa 42 kama alivyosema. Someni sehemu ya 3, onyesho la 3: anamwahidi Romeo kwamba habari zitapitia kwa mtumishi wa Romeo. Katika sehemu ya 4, onyesho la 1, anasema atatuma padri mwenzake. Mtumishi yule, Balthasar, haambiwi kitu. Anamwona Juliet akizikwa, anakimbia Mantua kutoa habari aliyoishuhudia kwa macho yake. Romeo anamwuliza kama ameleta barua ya padri. Hana.

Kwa hiyo msimamisheni Balthasar mlangoni wakati wa ahadi ile, na tena pembeni barua inapokabidhiwa kwa John. Shakespeare hakuandika hivyo, lakini haiongezi hata neno moja.

Kisha kaburini msiharakishe. Juliet anaamka, Laurence anamwambia atampeleka kwa masista, sauti za walinzi zinasikika, padri anakimbia na kumwacha mtoto peke yake na maiti ya mume wake na kisu. Hapo ndipo mimi simsamehi.

Furaha (Lubumbashi)
Mukubwa, kwa heshima yote, unaanzia mwishoni mno. Mwanzoni mzee Capulet, baba yake Juliet, anamwambia Paris anayetaka kumwoa binti huyo asubiri miaka miwili, binti bado hajatimiza 14. Tybalt, binamu ya Juliet, akishauawa na Romeo, Capulet anaamua ndoa iwe Alhamisi. Juliet anakuja kuomba msamaha, baba anafurahi na kuirudisha Jumatano! Laurence alipanga dawa inywewe Jumatano usiku, ikanywewa Jumanne. Siku nzima ya barua ikapotea kwa furaha ya baba.

Na kabla ya hapo, sehemu ya 3, onyesho la 5: baba anamwambia akafie barabarani, mama anasema amemalizana naye, mlezi aliyemnyonyesha anamshauri aolewe na Paris. Watatu hao watoke kwa mlango mmoja, mmoja baada ya mwingine, Juliet asisogee hata hatua. Hapo watazamaji wataelewa kwa nini alikubali chupa ya padri.

TrupeHimbi
Aksanti sana, muuza dawa na Padri John wote wawili wanabaki. Na mtawala wa Verona? Tulitaka kumaliza kwa askari kumfunga Laurence.

Mama Neema
Hapana, mwanangu. Mtawala anasema wengine watasamehewa na wengine wataadhibiwa, bila kutaja jina, na yeye mwenyewe anamwita Laurence mtu mtakatifu. Mkimfunga, mnahukumu kwa niaba ya watazamaji. Maelezo marefu ya padri ni mistari kama 40, yafupisheni hadi 10, watu wameshayaona. Muda mtaupata hapo. Mstari usiokatwa ni ule mtawala anapokiri kwamba kwa kuufumbia macho ugomvi wa nyumba hizi mbili amepoteza ndugu zake wawili, yaani Mercutio, rafiki ya Romeo, na Paris. Ugomvi ulikuwa umelipuka mara tatu barabarani kabla hajatishia adhabu ya kifo. Asiusemee juu ya ngazi, ashuke asimame katikati ya wazazi.