Kubanwa na mkojo kila saa halafu sina raha na chochote, hivi vinahusiana?

Bi Mkimya: Wadau habari, msinicheke jamani. Mwaka wa pili huu mkojo ukinibana ndo umenibana, sina hata dakika mbili, nikichelewa kufungua mlango tu unatoka. Mchana chooni mara 12 au zaidi, usiku naamka mara nne, usingizi hakuna. Maji nimepunguza mpaka glasi mbili kwa siku ila wapi. Shughuli za watu nimeacha kwenda, na siku hizi najikuta nalia tu, sina hamu hata ya kuongea na mtu. Sasa hiki ni kibofu au ni kichwa? Sukari nimepima, sina.

nesi_wa_zamu: Pole mpenzi, ni vyote viwili na vinalishana. Usiku hulali, mchana unajificha, hapo sonona haiko mbali, na mtu akiwa na sonona au wasiwasi kibofu nacho kinazidi kuwa na kiherehere, hata serotonini, ile kemikali ya kwenye ubongo, inahusika na hisia na kibofu pia. Ila hayo maji rudisha! Ukinywa kidogo mkojo unakuwa mkali unakichokoza kibofu, cha kupunguza ni kahawa, chai ya rangi na soda. Halafu acha kwenda chooni "nisije nikabanwa njiani", unakizoesha kibofu kudai kikiwa na kidogo tu wakati cha mtu mzima kinabeba kama mililita 400 hivi. Ukibanwa kaa, bana misuli ile unayokatia mkojo mara kadhaa, subiri dakika tano ndo uende, wiki ijayo kumi. Usitegemee miujiza, ni wiki 6 mpaka 12. Kabla ya yote pima mkojo, isije ikawa maambukizi.

Babu Kijana: Na wanaume tupo humu, mie niliambiwa uzee kumbe tezi dume. Mkuu yeyote anayesoma kimyakimya kapime.

Zuu: Mie daktari nilimwambia mkojo tu, ya kulia nikaona aibu, akanipa vidonge vya kutuliza kibofu mdomo ukakauka na choo kikubwa kikagoma, na choo kikigoma kibofu kinabanwa zaidi, nikaviacha mwenyewe. Niliporudi nikasema yote ndo akanibadilishia na kunipeleka kwa mshauri. Nenda na daftari, andika siku tatu umeenda saa ngapi na umevuja mara ngapi. Ukiona damu kwenye mkojo, au miguu na huko chini kufa ganzi, usisubiri hata kesho. Na mawazo ya kutotaka kuishi yakija, siku hiyohiyo sema.

Bi Mkimya: Hayo ya mwisho hayajafika ila asanteni, nimesoma nikilia. Leo nimesubiri dakika tatu, nne imenishinda 😅 Daftari nimeanza, kupima nakwenda keshokutwa. Zuu, huyo mshauri ulimwelezaje mara ya kwanza?